Njia Sita za Tiba ya Familia: Ipi Iendane na Shida Iliyopo Nyumbani

Mzazi akiambiwa na shule au daktari kwamba mtoto wake anahitaji tiba ya familia, hudhani anatumwa kwenye kitu kimoja. Akianza kuulizia ndipo anapokutana na majina mengi, na kila mtaalamu akieleza kwa uhakika kwamba njia yake inasaidia. Wengi huishia kumchukua aliye karibu au mwenye nafasi mapema. Hakuna ubaya, lakini njia hizi zinatofautiana kwelikweli. Moja itataka bibi naye awepo kikaoni. Nyingine itamkalisha mama sakafuni acheze na mtoto huku sauti ya mtaalamu ikimwelekeza sikioni. Nyingine itabisha hodi nyumbani kwako jioni, watu wameshatoka kazini.

Ushauri wangu ni mmoja: usichague kwa umaarufu wa njia, chagua kwa kuangalia shida imekaa wapi. Inaweza kuwa katika mpangilio wa nyumba, katika uhusiano wa mzazi na mtoto mdogo, katika maneno ambayo nyumba nzima imeshayaamini juu ya mtoto, katika mtaa na shule, au katika swali la nani amlee. Kwa nje tabia ya mtoto inaweza kufanana katika hali zote hizo, ukali ule ule na utoro ule ule, na bado msaada unaotakiwa ukawa mwingine kabisa.

Niseme na hili mapema, kwa sababu wazazi wengi hurudi nyuma kwa aibu: kusema mtoto atasaidiwa kupitia familia si kusema familia ndiyo iliyomharibu. Watoto huzaliwa na hulka zao, magonjwa huja, misiba hutokea. Familia inaitwa kwa sababu ndiyo inayokaa na mtoto saa zote ambazo mtaalamu hayupo.

## Vigezo nitakavyotumia

Kila njia nitaipima kwa mambo matano: inaiona shida wapi, kikao kinakwendaje, inadai nini kwa familia, ushahidi wake ukoje, na inamfaa nani. Gharama sizipangi, maana zinategemea ulipo na anayelipa. Lakini kigezo cha tatu kitakuonesha njia gani italamba muda na nguvu zako, na mara nyingi hicho ndicho kinachoamua kama familia itafika mwisho au itaacha njiani.

Kabla ya kulinganisha chochote, angalia usalama. Kama nyumbani kuna anayepigwa, au mtoto ananyanyaswa kingono, kuwakalisha wote chumba kimoja kunaweza kumponza aliye mnyonge, kwa kuwa aliyoyasema kikaoni huyalipia usiku. Hapo kinachotangulia ni kumlinda, na kuzungumza na kila mtu peke yake. Vivyo hivyo mtoto anayejidhuru au anayesema anataka kufa: huyo apelekwe kwenye huduma ya dharura leo, habari ya njia ipi itafuata baadaye.

## 1. Tiba ya muundo wa familia

Mwasisi wake ni Salvador Minuchin (1921–2017), daktari wa magonjwa ya akili aliyezaliwa Argentina. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alifanya kazi katika shule ya Wiltwyck huko New York, iliyopokea wavulana wa familia maskini waliokuwa wameingia matatani. Huko ndiko yeye na wenzake walikoanza kuzitibu familia badala ya kumtibu mvulana peke yake. Kuanzia 1965 aliiendeleza njia hii Philadelphia.

Shida inaonwa wapi. Katika mpangilio wa nyumba: nani yuko karibu na nani, nani ana kauli, mipaka imepita wapi. Kuna nyumba ambazo mipaka imeyeyuka, mama na mtoto wamekuwa kama mtu mmoja, mmoja akiumwa tumbo na mwingine hali chakula. Kuna nyumba ambazo kila mtu yuko kivyake, na mtoto akipotea siku mbili ndipo wenzake wanashtuka. Kuna pia mtoto aliyepandishwa cheo kabla ya wakati: ndiye msiri wa mama, ndiye mpatanishi wa wazazi, ndiye anayewalea wadogo zake. Kinachoitwa ukorofi wake wakati mwingine ni uchovu wa cheo hicho.

Kikao kinavyokwenda. Mtaalamu haridhiki na kusimuliwa ugomvi, anataka auone. Anamuuliza mtoto wa miaka 9 jina la mwalimu wake, mama anajibu. Anamuuliza anapenda mchezo gani, mama anajibu tena, na baba macho yako kwenye simu. Mtaalamu anasema, "Mama, umemsaidia vizuri. Sasa naomba uhamie kile kiti kilicho karibu na baba, ili mimi na huyu kijana tuongee kidogo." Kisha anawageukia wazazi: "Naomba mkubaliane hapa hapa saa yake ya kulala. Yeye atasikiliza tu." Wanaanza, na baada ya sekunde chache mtoto anaingilia, mama anamgeukia, baba anarudi kwenye simu. Ni tukio dogo, lakini mtaalamu ameshaona nyumba yote. Atawarudisha tena na tena kwenye mazungumzo yale hadi wawili hao wayamalize bila msaada wa mtoto.

Inachodai. Watu wengi wa nyumba wahudhurie, akiwemo yule anayesema hana muda. Inataka pia moyo wa kuelekezwa, maana mtaalamu wa njia hii hakai pembeni: anahamisha viti, anamkatiza mtu, anamwegemea mmoja leo na mwingine kesho. Wapo wanaoona amewavunjia heshima.

Ushahidi. Ni miongoni mwa njia kongwe, na mawazo yake yameingia katika tiba kadhaa zilizokuja baadaye na kupimwa kwa majaribio makali. Wanaoikosoa husema picha yake ya mwanzo ilimaanisha wazazi wawili juu na watoto chini. Nyumba yenye bibi, shangazi na kaka mkubwa anayelipa ada haikai ndani ya picha hiyo. Mtaalamu mzuri ataanza kwa kuuliza nani mwenye kauli kwenu, badala ya kuja na jibu.

Inayemfaa. Nyumba ambayo walezi wanapingana mbele ya mtoto, amri ya mmoja ikifutwa na mwingine. Au mzazi mpya ameingia na haijulikani nafasi yake. Au mtoto amebeba mambo ya watu wazima. Kwa wanaofikiria huduma za jamii kuna jambo la kupendeza katika historia yake: Philadelphia, Minuchin na wenzake Jay Haley na Braulio Montalvo waliwafundisha watu wa mitaa ya kipato cha chini, wasio na shahada za fani hiyo, wakawa watoa tiba kwa familia za mitaa yao.

## 2. Tiba ya mwingiliano wa mzazi na mtoto

Hii ilianzishwa na mwanasaikolojia Sheila Eyberg nchini Marekani katika miaka ya 1970, na imekusudiwa watoto wadogo, miaka 2 hadi 7.

Shida inaonwa wapi. Katika mzunguko uliokwisha kuzoeleka: mtoto anagoma, mzazi anapaza sauti, mtoto anapaza zaidi, mzazi anapiga au anakubali yaishe. Pande zote mbili zimejifunza kwamba kelele ndiyo lugha inayosikika.

Kikao kinavyokwenda. Mzazi na mtoto wanacheza chumbani. Mtaalamu yuko nyuma ya kioo kinachomwezesha kuwaona bila wao kumwona, au kwenye video, na mzazi ana kifaa cha kusikilizia sikioni. Mtoto anajenga mnara. Mzazi aliyezoea kufundisha anauliza, "Hiyo rangi gani?" Sikioni anasikia: "Hilo ni swali, Mama. Taja tu unachokiona." Anajaribu tena: "Umeweka la bluu juu ya jekundu." "Hapo sawa. Sasa msifie, na utaje unachomsifia." "Nimependa unavyopanga taratibu bila kuangusha." Mtoto anamtazama mamaye, anaongeza tofali jingine.

Katika hatua ya kwanza mtoto ndiye anayeongoza mchezo, na mzazi habadilishi hatua mpaka afikie kiwango kinachohesabika. Ndani ya dakika 5 atoe sifa 10 zenye kutaja jambo, arudie maneno ya mtoto mara 10, aeleze anachofanya mtoto mara 10, na maswali, amri na lawama zake kwa jumla zisizidi 3. Jaribu nyumbani utaona ilivyo kazi kukaa dakika 5 bila kuuliza swali. Hatua ya pili ni ya amri: moja kwa wakati mmoja, fupi, inayotekelezeka. Mzazi anasubiri sekunde 5, kisha anafuata utaratibu ule ule kila mara, mtoto akitii au asipotii.

Inachodai. Dakika 5 za mchezo huo kila siku nyumbani, pamoja na kikao cha kila wiki kwa miezi kadhaa. Hakuna mwisho uliopangwa kwenye kalenda: unamaliza ukishafuzu.

Ushahidi. Ni miongoni mwa njia zenye ushahidi mzito zaidi kwa umri huo. Kuna jaribio la Marekani lililochapishwa 2004, lenye wazazi 110 waliokuwa wameripotiwa kwa idara ya ulinzi wa watoto kwa kuwaumiza watoto wao. Kati ya waliopitia tiba hii asilimia 19 waliripotiwa tena baadaye, wakati kwa waliopewa mafunzo ya kawaida ya malezi ilikuwa asilimia 49. Idadi hizo zinanigusa, kwa sababu ni watoto ambao hawakupigwa.

Inayemfaa. Mlezi wa mtoto mdogo mkaidi, mkali au mwenye hasira za ghafla, ambaye yuko tayari kufanya mazoezi. Inamfaa pia mlezi wa kambo au wa kupanga anayeanza kujenga ukaribu. Hutapata msaada kwake kama ugomvi mkubwa uko kati ya watu wazima wenyewe, na kwa kijana wa miaka 13 wakati wake umeshapita.

## 3. Tiba ya masimulizi

Ilikuzwa na Michael White wa Adelaide, Australia, na David Epston wa Auckland, New Zealand, katika miaka ya 1980.

Shida inaonwa wapi. Katika simulizi iliyomganda mtoto. "Huyu ni mwizi." "Huyu mvivu, amemrithi baba yake." Kila tukio linaloithibitisha linakumbukwa, na kila linaloipinga linasahaulika, hadi mtoto mwenyewe anaisimulia kama asili yake. Njia hii inamtenga mtu na shida: shida inapewa jina, inawekwa nje ya mtoto, familia yote inakaa upande mmoja kuikabili.

Kikao kinavyokwenda. Kwa maswali. "Hiyo Hasira hukujia saa ngapi? Inakuambia nini juu ya mdogo wako? Kuna siku ilikuja ukaikatalia?" Kazi kubwa iko katika swali la mwisho. White alikuwa akiwatibu watoto wenye tatizo la kujisaidia kwenye nguo, jambo linalomdhalilisha mtoto na kuichosha nyumba. Badala ya kuuliza kwa nini, alilipa tatizo jina la kiumbe mjanja, akauliza ni lini mtoto alikataa kudanganywa naye. Mtoto aliyeinamisha kichwa akawa na la kusema. Epston naye alizoea kuwaandikia familia barua baada ya kikao, akiyaweka kwenye karatasi yale mafanikio madogo ili yasifutike.

Kwa upande wa jamii, njia hii imezaa zoezi la Mti wa Uhai, lililobuniwa na Ncazelo Ncube wa Zimbabwe na David Denborough wa Australia kwa ajili ya watoto walioachwa yatima na UKIMWI. Kila mtoto anachora mti. Mizizi ni alikotoka, ardhi ni maisha yake ya kila siku, shina ni anachokiweza, matawi ni matumaini yake, majani ni watu walio muhimu kwake, hata waliokufa, na matunda ni yale aliyopewa na wengine. Michoro inabandikwa pamoja ukutani ikawa msitu, na hapo ndipo kundi linapozungumza kuhusu dhoruba na namna miti inavyozistahimili. Watoto wanapata mahali pa kusimama kwanza, ndipo wanaombwa kuutazama msiba wao. Nimeona maelezo ya njia nyingi za kuwasaidia watoto waliofiwa, na mpangilio huu naupenda kuliko mingi.

Inachodai. Uvumilivu na maneno. Hakuna hesabu za kila wiki wala ratiba ngumu. Lakini watu wazima wanaombwa kuacha jina walilomzoesha mtoto, na hilo huwa gumu kuliko linavyosikika.

Ushahidi. Majaribio ya kulinganisha makundi ni machache kuliko ya njia namba 2 na 5. Kinachojulikana zaidi ni masimulizi ya kazi zenyewe na tafiti ndogo. Anayetaka takwimu nzito hatazipata hapa kwa wingi.

Inayemfaa. Mtoto aliyekwisha kubandikwa jina, familia yenye msiba au iliyokimbia vita, na jamii inayotaka kuwasaidia watoto wengi kwa pamoja. Tahadhari: mtu mzima anayemuumiza mwenzake asiachiwe kusema "ni Hasira iliyofanya." Jina la shida lisiwe maficho ya aliyetenda.

## 4. Tiba fupi ya suluhisho

Steve de Shazer na Insoo Kim Berg waliianzisha Milwaukee, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1970.

Shida inaonwa wapi. Kwa kweli haiitafuti sana. Inatafuta siku ambazo shida haikutokea, na kuuliza siku hizo mlifanya nini.

Kikao kinavyokwenda. Utaulizwa: usiku wa leo mmelala, muujiza umetokea, shida imeondoka, asubuhi utajuaje? Kisha kipimo cha 0 hadi 10: leo mko wapi? Ukisema 3, mtaalamu hakuulizi kwa nini si 10. Anauliza kwa nini si 2, na dalili gani itakuonesha mmefika 4.

Inachodai. Kidogo: vikao vichache, mara nyingi havifiki 10, na si lazima wote waje.

Ushahidi. Upo na unaelekea kuzuri kwa shida za kadiri, hasa tabia za watoto shuleni.

Inayemfaa. Familia yenye nguvu zake iliyokwama mahali pamoja: kazi za shule, kugombana asubuhi, kijana aliyeanza kuchelewa kurudi. Ni nzuri pia kwa mwalimu au mhudumu wa jamii mwenye nusu saa tu na mzazi. Aliyepitia jambo zito lisilowahi kusikilizwa anaweza kuhisi anaharakishwa. Huyo aanzie kwingine.

## 5. Tiba ya mifumo mingi

Scott Henggeler na wenzake waliianza Marekani mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa ajili ya vijana walio hatarini kufungwa au kuondolewa nyumbani. Hulenga zaidi miaka 12 hadi 17.

Shida inaonwa wapi. Kote anakopita kijana: nyumba, marafiki, shule, mtaa. Kijana anayeiba na kundi fulani baada ya shule hawezi kutibiwa kwa kuzungumza juu ya hisia zake tu, ikiwa saa kumi atarudi kwa kundi lile lile.

Kikao kinavyokwenda. Hakuna chumba cha kungojea. Mtaalamu anakuja nyumbani mara kadhaa kwa wiki, saa ambazo familia ipo. Anakaa na mzazi na kuchora mlolongo wa tukio la juzi: kijana alitoka saa ngapi, nani alimpigia simu, mzazi alikuwa wapi, shule ilijua saa ngapi kwamba hayupo. Kisha wanachagua pingili moja ya kukata wiki hii. Huenda ikawa mzazi na mwalimu wa darasa wapeane namba ili taarifa ya utoro ifike asubuhi ile ile, au jirani aangalie nani anaingia nyumbani mchana. Kila mtaalamu hushika familia 4 hadi 6 tu, na timu hupatikana kwa simu saa 24.

Inachodai. Miezi 3 hadi 5 ya kufungua mlango. Mzazi ndiye anayebebeshwa kazi kubwa, kijana si sana. Kwa wanaopanga huduma, hii ni njia ya gharama kubwa: inahitaji timu, usimamizi wa karibu na mafunzo ya kudumu.

Ushahidi. Majaribio ya mwanzo Marekani yalionesha vijana wakirudia makosa mara chache zaidi kuliko waliopata huduma za kawaida. Lakini jaribio kubwa la England, lenye familia 684 na kuchapishwa 2018, halikuonesha kwamba inazishinda huduma zilizokuwepo. Naona inategemea sana inalinganishwa na nini: pale ambapo huduma za kawaida zina nguvu, tofauti hupungua.

Inayemfaa. Familia ya kijana aliyekwisha kugusana na polisi, mwenye vurugu au utoro mkubwa, na mzazi aliyechoka lakini bado yupo. Kwa shida ndogo ni kubwa mno.

## 6. Mkutano wa ukoo

Hii si tiba kwa maana ya kawaida, lakini nimeiweka kwa sababu familia nyingi zinazotafuta tiba kwa kweli zinahitaji uamuzi. Iliingia kwenye sheria ya New Zealand mwaka 1989, kwa kufuata desturi za Wamaori, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, ambao walilalamika kwa haki kwamba serikali ilikuwa ikiwaondoa watoto wao na kuamua mambo yao bila koo zao kushirikishwa.

Shida inaonwa wapi. Katika uamuzi unaofanywa na wageni. Mkono mmoja haulei mwana, na mikono mingine ipo, ila haijaitwa.

Kikao kinavyokwenda. Mratibu asiyeegemea upande hutumia muda kuwatafuta ndugu wa pande zote mbili, hata waliokuwa hawasemezani. Siku ya mkutano wataalamu wanaeleza hofu zao kwa lugha ya kawaida: mtoto amekutwa peke yake usiku, hajachanjwa, mama anatumia dawa za kulevya. Kisha wataalamu wanatoka chumbani. Ukoo unabaki wenyewe kupanga nani atakaa na mtoto, nani atampeleka shule, nani atamwangalia mama. Wakirudi, mpango unapimwa kwa kigezo kimoja kikubwa: je, mtoto atakuwa salama?

Inachodai. Maandalizi marefu kwa mkutano mmoja au miwili. Na ndugu wakubali kusema mbele ya wenzao wanachoweza na wasichoweza.

Ushahidi. Familia nyingi husema zimeheshimiwa. Matokeo ya muda mrefu kwa watoto yamechanganyika katika tafiti, na mara nyingi kinachokwamisha ni mpango mzuri kuachwa bila ufuatiliaji.

Inayemfaa. Mtoto ambaye haijulikani atalelewa na nani, au ambaye idara ya ustawi wa jamii inafikiria kumwondoa nyumbani. Haifai kama mwenye kumuumiza mtoto ndiye anayeogopwa na ukoo mzima, maana ndugu watapanga kwa kumridhisha yeye.

## Ukiwa katika hali hii, anzia hapa

Mtoto hajafika miaka 7 na kila siku ni vita vya kuvaa, kula na kulala: namba 2. Lakini mkiwa wawili na kila mmoja ana sheria zake, anzeni na namba 1, la sivyo mmoja atajifunza ustadi ambao mwenzake anaubomoa jioni.

Mtoto wa shule ya msingi aliyebadilika baada ya msiba, au aliyepewa jina baya shuleni na nyumbani: namba 3. Kama ni kundi la watoto waliopatwa na jambo moja, Mti wa Uhai unafanyika na watu waliofundishwa vizuri hata pasipo wataalamu wengi.

Kijana ana marafiki wa hatari na polisi wamekwisha kuja: namba 5 ikiwa ipo. Isipokuwepo, mwombe mtaalamu wa namba 1 akubali kukutana pia na shule na watu wa karibu, maana ofisini peke yake hatafika mbali.

Wazazi wametengana na mtoto anapeleka ujumbe huku na huko: namba 1, hata kama wazazi watakuja siku tofauti. Wakigombania mtoto akae wapi, mkutano wa ukoo utangulie.

Kijana amekataa chakula hadi anadhoofu: usichague kati ya hizi sita. Kuna tiba ya familia mahususi kwa hali hiyo, iliyotokana na kazi ya hospitali ya Maudsley, London, katika miaka ya 1980. Wazazi hushika usukani wa mlo, na daktari hufuatilia afya ya mwili. Hapo kuchelewa ni hatari.

Shida yenyewe si kubwa, ila hamjui pa kushika: namba 4, na mtajua mapema kama inatosha.

Mwenzako amekataa kuja: nenda wewe. Namba 4 hufanya kazi na mtu mmoja. Ipo pia njia ya Murray Bowen, daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, ambayo sikuiweka kwenye orodha kwa kuwa huwahusu zaidi watu wazima: inachora vizazi vitatu vya ukoo wako na kukuonesha unachorudia bila kujua. Mzazi mmoja akibadilisha namna anavyojibu, mara nyingi wengine nao hulazimika kubadilisha zao.

Na kama kuna mtaalamu mmoja tu mnayeweza kumfikia, msimuulize anatumia njia ipi kwanza. Mwelezeni tukio moja la wiki hii, kisha muulizeni: wewe unaona shida imekaa wapi, nani ungependa awepo, na baada ya vikao vinne tutajuaje kama tunasogea? Akijibu matatu hayo kwa lugha mnayoielewa, anzeni naye. Vikao vinne vikipita bila kusogea, mwambieni waziwazi, abadilishe njia au awaelekeze kwa mwingine.